Fumbo la Wimbo wa Yaya

Harufu ya sambaza wakikaangwa katika mafuta ya mawese hunikamata popote nilipo. Sambaza ni dagaa wa Ziwa Kivu, wadogo kama kidole cha mtoto. Wakiingia kwenye mafuta ya moto hutoa kwanza mlio kama wa mvua ya ghafla juu ya mabati, halafu ndipo harufu inapofuata, nzito, yenye chumvi na moshi. Wengine wakiinusa hukumbuka njaa. Mimi husikia gitaa. Husikia gitaa jembamba la kaseti iliyochezwa mpaka utepe ukalegea, na juu yake sauti za watoto watatu wakibishana kuhusu hesabu kana kwamba mbingu zitaanguka wasipopata jibu.

Aliyekaanga sambaza hao alikuwa Mama Sifa, mbele ya nyumba yao huko Majengo, mtaa wa Gisenyi ulio karibu na mpaka kiasi kwamba majogoo wa Goma, upande wa pili, ndio waliotuamsha. Sisi tulikuwa wageni waliorudi kwao. Wazazi wangu walikulia ukimbizini Karagwe, upande wa Tanzania, na mimi nilizaliwa huko. Vita vilipokwisha Baba akapata kazi Gisenyi, tukahama na vitanda vyetu, bibi yangu na mbuzi mmoja ambaye hakuipenda safari. Kinyarwanda changu kilikuwa cha kubabaisha. Kiswahili nilikijua, au nilidhani nakijua, mpaka siku ya kwanza niliyotumwa kwa Mama Sifa.

Nilisimama mbele ya karai lake, nikamwamkia shikamoo, nikasema, "Naomba unipatie sambaza wachache, tafadhali."

Wanawake waliokuwa hapo wakacheka mpaka mmoja akalazimika kutua beseni lake chini. Mama Sifa alijifuta machozi kwa ncha ya kitenge.

"We mutoto, unaongea kama radio," akaniambia. "Sema tena, basi. Ni muzuri."

Nilisema tena. Alinijazia kikaratasi cha dagaa kupita kiasi nilichoagizwa, na kuanzia siku hiyo aliniita Mwalimu. Nyuma yake alikuwa amesimama binti yake, Sifa, rika langu, mwenye shingo ndefu na utulivu wa mtu anayesikiliza kitu mbali. Hakucheka. Aliniuliza tu kama ni kweli kwetu watu wanasema "samahani" hata wakiwa hawajakosa. Tukawa marafiki.

Wa tatu wetu alikuwa Moses. Huyu alirudi kutoka Uganda na aliishi na mjomba wake, mwanajeshi. Kiingereza alikijua vizuri, ila Kiswahili alijifunza kwa askari, kwa hiyo kila alichosema kilitoka kama amri. Akitaka kipande cha muwa alisema, "Leta muwa hapa." Hakuwa mkorofi hata kidogo. Lugha ndiyo aliyoipokea ikiwa imevaa buti. Alipenda hesabu kuliko mpira, jambo ambalo kwa mvulana wa umri wake lilihitaji ujasiri.

Sasa nije kwenye wimbo. Mjomba wake Sifa, aliyekuwa akivuka kila siku kwenda Goma kwa biashara, alimletea dada yake kaseti ya bendi ya huko, na katika kaseti ile kulikuwa na wimbo mmoja ambao Mama Sifa aliurudisha mara kwa mara. Ulipokwisha, alichukua kalamu, akaichomeka kwenye tundu la kaseti, akazungusha utepe nyuma ili asimalize betri, kisha akaucheza tena. Mtaa mzima uliujua. Ulikuwa wa kuchezeka kweli: ngoma iliyoruka, besi iliyokupiga tumboni, na gitaa hilo jembamba likikimbia juu yake kama mtoto aliyeachwa nyuma. Kwenye harusi ulipigwa mpaka vumbi likasimama. Maneno yake yalikuwa hivi:

Yaya, zamani miaka yako ilikuwa mara mbili ya yangu,
leo tuko karibu sawa, uningojee kidogo.
Mwaka unaokuja tutalingana,
mwaka wa nyuma yake nitakupita,
nitakuita mudogo yangu.

Mimi kwa muda mrefu niliuelewa vibaya kabisa. Kwetu Karagwe yaya ni msichana anayelea watoto nyumbani, basi nilijua huu ni wimbo wa mtoto aliyempenda mlezi wake. Niliona ni wimbo mtamu wa shukrani. Nilipomweleza Sifa alinitazama kwa huruma.

"Yaya ni mukubwa wako," akasema. "Kaka ao dada mwenye alikutangulia."

Hapo ndipo udadisi uliponiingia. Kama yaya ni kaka au dada mkubwa, basi mwimbaji anasema atampita kaka yake kwa umri. Inawezekanaje?

Nilipeleka swali kwa Moses jioni hiyo hiyo. Tulikuwa na ukuta wetu wa kukalia, wa mawe meusi ya volkano, yale yenye matundu kama mkate, na chini yake vipande vilivyobomoka vilitosha kwa kila aina ya mchezo. Moses alisikiliza maneno ya wimbo mpaka mwisho, kichwa ameinamisha.

"Wimbo inadanganya," akatoa hukumu. "Mtu hawezi kupita mukubwa wake. Haiwezi."

"Lakini mwanzo unasema kweli," nikamwambia. "Alikuwa mara mbili yake, sasa wamekaribiana. Hiyo hutokea."

"Leta mawe."

Tulipanga mistari miwili. Sifa, aliyekuwa amekaa juu ya ukuta akining'iniza miguu, akasema tutumie tatu na sita. Tukaweka mawe matatu ya mdogo, na chini yake sita ya yaya. Mara mbili kamili. Kisha tukaongeza jiwe moja huku na moja kule. Nne na saba. Tano na nane. Kadiri mistari ilivyorefuka ndivyo ilivyozidi kufanana, na mimi nilizidi kuongeza mawe haraka, maana kwa mbali ilionekana kweli ule mfupi unaufukuza ule mrefu na utaufikia. Lakini kila tukisimama kuhesabu, pengo lilikuwa lile lile. Mawe matatu. Tuliendelea mpaka mdogo na yaya wote wakawa vikongwe na mistari ikafika kwenye mfereji wa maji machafu, na pengo halikusogea.

Moses alijipangusa mikono kama seremala aliyemaliza meza.

Mimi sikukubali kirahisi. Nilimkumbuka mwalimu wangu wa Karagwe aliyetufundisha kuhusu tarehe ishirini na tisa ya Februari, nikasema labda yaya alizaliwa siku hiyo, basi anasherehekea mara moja kila miaka minne, na mdogo wake anampita huku yeye anasubiri tarehe irudi. Moses aliifikiria hoja hiyo kwa heshima kubwa. Alizunguka ukuta mzima akiifikiria.

"Sherehe ni sherehe," akasema aliporudi. "Miaka ni miaka. Hata bila keki unazeeka."

Nilishindwa. Ndipo Sifa akasema kutoka juu ya ukuta, taratibu, "Mi naona inawezekana."

Tulimtaka aeleze, akakataa. Moses akamwekea dau: atakayeshindwa atambebea mwenzake madumu ya maji kutoka bombani mpaka fumbo litakaposahaulika. Sifa akakubali bila kupepesa macho, akashuka, akaenda kumsaidia mama yake.

Siku zilizofuata tuliwauliza watu wazima, mimi na Moses, kila mmoja kwa wakati wake. Mwalimu wa hesabu alifurahi kusikia watoto wakiuliza jambo nje ya darasa. Alichora kwa chaki mistari miwili sambamba juu ya saruji, akatueleza kwamba haikutani hata ikifika Bujumbura. Kisha akauliza tulilitoa wapi swali hilo. Tulipomtajia wimbo, alifuta chaki vidoleni, akatuambia kengele imelia. Haikuwa imelia. Mjomba wake Moses, aliyekuwa akipiga buti zake rangi, alijibu kwamba wimbo ni wa kusikiliza, hauhojiwi kama mfungwa, akaongeza sauti ya redio. Nami nilimwendea bibi, aliyekuwa akiota jua kwenye mkeka. Alinipa methali yake ile ya siku zote, "Mkubwa ni mkubwa hata akiwa mfupi," nikacheka. Lakini yeye alikusanya mkeka wake akaingia ndani, na jua bado lilikuwepo.

Mimi na Moses tukafikia uamuzi mmoja: watu wazima hawajui hesabu.

Jibu lilikuja alasiri moja ambayo mpaka ulikuwa umefungwa, kama ilivyotokea mara kwa mara miaka ile, na Mama Sifa hakuwa na wateja wengi. Tulikuwa tumepanga mawe tena, kwa mazoea tu. Sifa akaja mikono ikinuka dagaa, akachuchumaa kando yetu.

"Tatu na sita," akasema. Akapanga mwenyewe. Aliongeza huku na kule kama sisi, bila haraka, mpaka mstari wa mdogo ukafika nane na wa yaya kumi na moja. Kisha akaweka jiwe la tisa kwa mdogo, lakini kwa yaya hakuweka. Akaweka la kumi kwa mdogo. Kwa yaya hakuweka.

"Unasahau ya yaya," Moses akamwambia.

"Sisahau. Yaya hana ingine."

Akaweka la kumi na moja. Mistari ikalingana, ncha kwa ncha, kitu ambacho sisi tulikuwa tumekitafuta kwa siku nyingi na hatukukipata.

"Alisimama hapa," akasema Sifa, akigusa jiwe la mwisho la mstari wa chini. "Heri, yaya yangu. Tulikuwa tunaishi Goma. Ni ile mwaka wakimbizi walijaa, kipindupindu ikaingia. Mi nilikuwa na nane, yeye kumi na moja."

Sisi watatu tulikuwa na miaka kumi na moja.

Ningependa kuwaambieni kwamba tulisema neno la faraja. Hatukusema. Watoto hawajui faraja, wanajua maswali. Moses alisema, "Basi umeshinda. Nitabeba maji." Halafu, kwa kuwa hakuweza kujizuia, akauliza, "Na mwaka ujao? Utamwita mdogo wako?"

"Sijui," akasema Sifa.

Tukaanza kubishana upya, na huo, naapa, ndio ubishi mtamu kuliko wote tuliowahi kufanya. Je, Sifa akifika mbinguni akiwa bibi kizee, Heri atamwamkia au yeye ndiye atakayemwamkia Heri? Moses alisema cheo hakishuki: aliyekuwa kapteni ni kapteni. Mimi nilisema haiwezekani bibi wa miaka themanini ampigie magoti mtoto wa darasa la tano. Sifa alisema Heri asingekubali kuitwa mdogo hata na malaika, alikuwa mbishi sana, aliwahi kugoma kula kwa sababu aligawiwa samaki mdogo kuliko wa mgeni. Alikuwa anacheka akisema. Tuligeuka, tukamwona Mama Sifa amesimama nyuma yetu na kijiko chake cha kukaangia. Sijui alikuwa hapo tangu lini. Tukainuka tukijipangusa vumbi.

"Muendelee," akasema. "Toka afe, hakuna mwenye anabishana naye."

Basi tukaendelea.

Nilidhani mambo yameishia hapo. Lakini miezi ikapita, na Septemba shule zilipofunguliwa, mwalimu wetu mpya alipita kwenye madawati akiuliza kila mtoto jina na umri. Alipomfikia Sifa, akajibiwa, "Kumi na moja."

Mwalimu aliangalia kitabu chake. Akamwambia kwamba mwaka jana alikuwa na kumi na moja.

"Na mwaka huu pia," akasema Sifa.

Darasa lilicheka. Sifa hakucheka. Alikuwa amevaa sare ya mwaka uliopita, iliyomfika juu ya magoti, ingawa mama yake alikuwa ameacha pindo la kutosha kuishusha. Baadaye tulijua kwamba alikataa katakata pindo lile kufumuliwa. Nyumbani aliacha kula vizuri. Tulipomwita ukutani alisema ana kazi. Redio ya mama yake ikapiga nyimbo nyingine.

Siku moja Mama Sifa alituita, mimi na Moses, akatupa sambaza ambao hatukuwa tumeagizwa.

"Bon," akasema, akiangalia karai lake. "Nyinyi munajua mambo ya hesabu. Mutoto wangu hataki kuwa mukubwa. Anasema akimupita yaya yake, yaya atabaki nyuma peke yake. Mi nimesema yote. Sina maneno tena."

Nilimtazama Moses. Sijawahi kuona mtu akipokea kazi kwa uzito namna ile. Siku zile alitembea akizungumza peke yake, na mjomba wake akadhani ana malaria.

Kisha akaja ukutani akiwa na mfuko wa vipande vya matofali mekundu, akaniambia, "Mlete Sifa hapa." Nilimleta kwa kumvuta mkono.

Moses alikuwa ameshapanga mistari miwili ya mawe meusi, kumi na moja huku na kumi na moja kule. Tofauti ni kwamba safari hii haikuanzia sehemu moja. Mstari wa Heri ulianza mapema, mawe matatu nyuma ya ule wa Sifa, kwa sababu alizaliwa kabla yake. Hatukuwahi kufikiria kuupanga hivyo.

"Hapa Heri amezaliwa," akasema. "Wewe hujakuja. Hapa wewe unazaliwa, yeye ana tatu. Sawa?"

Sifa aliitikia kwa kichwa.

"Hapa amesimama. Hizi nyeusi ni miaka aliyoishi, hazitaongezeka. Hiyo ulisema kweli, ulinishinda." Akaanza kuweka vipande vyekundu mbele ya jiwe la mwisho la Heri, kimoja kimoja, mpaka mstari ukafika usawa wa mwisho wa mstari wa Sifa. "Lakini hizi ni miaka tangu azaliwe. Hizi zinaongezeka. Ukiongeza moja, na yeye anaongeza moja. Nyekundu. Ukiwa mzee wa miaka mia, bado yeye alizaliwa kabla yako kwa miaka tatu. Kwa nyeusi unampita. Ukihesabu zote, humpiti."

Sifa alikaa chini kabisa, vumbini, na sare yake ile fupi. Aligusa vile vipande vyekundu kimoja kimoja.

"Ile nyekundu iko yake ya kweli?" akauliza. "Ao umeiweka juu ya kunifurahisha?"

"Sijui kufurahisha watu," Moses akasema. "Ni hesabu."

Na hiyo, kwa anayemjua Moses, ilikuwa kweli tupu. Sifa aliamini. Alitafuta chini ya ukuta mpaka akapata jiwe jeusi aliloliona zuri, akaliweka mwisho wa mstari wake. La kumi na mbili. Kisha akanyoosha mkono, na Moses akampa kipande cha tofali, akakiweka kwa Heri. Alisimama akajipangusa, akasema ana njaa.

Wiki ile ile pindo lilifumuliwa. Kuhusu dau la maji, walibishana tena nani hasa alishinda, na kwa kuwa kila mmoja alikuwa na haki, waliishia kupitisha fimbo kwenye mpini wa dumu na kulibeba wawili, wakimwaga nusu njiani.

Nilikuwa mtu mzima, tayari mama wa watoto wawili, nilipoelewa kwamba watu wazima wa Gisenyi walijua hesabu vizuri kuliko sisi. Mwalimu aliyesikia kengele isiyolia, bibi aliyelikimbia jua, mwanajeshi aliyeongeza sauti ya redio: kila mmoja alikuwa na mstari wake uliosimama mahali. Bibi alikuwa na wadogo ambao hakuwahi kunitajia majina. Na darasa letu, lile lililomcheka Sifa, sasa nikilifikiria dawati kwa dawati, naona lilijaa watoto waliokuwa wakiwapita kaka na dada zao kimyakimya, mwaka baada ya mwaka, bila mtu wa kuwauliza. Wimbo ule haukuwa fumbo kwa yeyote ila kwa sisi wawili. Watu waliucheza harusini wakijua kila neno. Nilidhani wanafurahi tu. Walikuwa wanafurahi, na walikuwa wanaita watu wao waje wacheze nao.

Sifa bado yuko Gisenyi. Ana watoto watatu, na kifungua mimba wake ana ndevu. Mwaka jana nilimtembelea, na tulipokuwa tukiangalia picha za zamani alininyooshea moja, ya mvulana aliyefunga mikono kifuani, uso umekunjwa kama anayekataa jambo.

"Huyu ni yaya yangu Heri," akamwambia binti yangu aliyekuwa kando. Kisha akapitisha kidole polepole kwenye shavu lile, kama anayempangusa mtoto uji, akasema, "Angalia ule mutoto. Alikuwa mudogo sana."

Binti yangu alifungua mdomo kuuliza. Nikamwacha aulize.